Majina Yaliyotoka Sufuriani

Ripoti yetu ina kurasa mia moja na kumi na mbili. Inaeleza ni kaboni kiasi gani iliyohifadhiwa katika msitu ulio nyuma ya kijiji cha Yalokombe, katika bonde la Mto Kongo, na inaeleza hivyo kwa desimali mbili. Mwishoni kuna orodha ya miti tuliyoipima, elfu nne na mia mbili na ushee, kila mmoja na jina lake la Kilatini na jina lake la kwetu. Waliotaja majina hayo mguuni pa mti, mmoja baada ya mwingine, kwenye matope na nyuki, wametajwa kwa maneno mawili: "watambuzi wenyeji". Nilipoona hivyo nilikaa chini nikaanza kuandika haya.

Nianze na Baba Bosiko, maana hata mimi nilianza kwake.

Jina lake ni Lotika. Alikuwa na miaka sitini na kidogo, mfupi, mwenye nyayo pana na kofia ya sufu ya kijani ambayo hakuivua hata jua la saa saba. Kazi yake kikosini ilikuwa kutambua miti. Kule kwetu majani yako mita arobaini juu, yamechanganyikana na ya jirani, huwezi kusema lipi ni la nani. Kwa hiyo mtambuzi hutia kovu dogo kwenye gome kwa panga, anasogeza uso, ananusa, mara nyingine analamba utomvu, halafu anataja jina. Mimi naandika. Mpwa wa mkewe, Kasimiri, anashika utepe.

Kupima kaboni si uchawi. Unazungusha utepe kwenye shina usawa wa kifua, unakadiria kimo cha mti, kisha unatafuta uzito wa ubao wake. Mti ukikauka, karibu nusu ya uzito huo ni kaboni iliyonyonywa hewani. Lakini uzito wa ubao hautoki kwenye utepe. Unatoka kwenye jina. Chukua kombo na limbali wenye unene mmoja: kombo ni mwepesi kama ganda la karanga, limbali ukimbeba mabega yatakuuma wiki nzima. Ukikosea jina, hesabu zote zinazofuata ni uongo uliopangwa vizuri. Nilikuwa nikilirudia jambo hili kila asubuhi kabla ya kazi, mpaka Kasimiri akalijua kwa moyo na kunisaidia kulimalizia.

Baba Bosiko alikuwa na mtindo wake. Miti ile ambayo hata mtoto angeijua kwa rangi ya gome, aliitaja papo hapo. Mingine aliikata kibanzi, akakiandika namba kwa kipande cha mkaa, akakitia mfukoni.

"Huyu ana jina refu," alisema. "Nitamkumbuka nikila."

Mchana tulirudi kambini, kando ya kijito, hatua kama mia mbili kutoka kwenye kipande tulichokuwa tunapima. Hapo alikuwepo mkewe, Mama Bosiko, mpishi wetu, mwanamke mrefu aliyemzidi mumewe kwa kichwa kizima, na sufuria nyeusi ya masizi iliyojaa sombe, majani ya muhogo. Baba Bosiko alikaa karibu naye na kumpa vibanzi kimoja kimoja. "Washia moto," alimwambia. Mama Bosiko alikiinua kila kibanzi puani, kama anayekagua samaki wa jana, akakitupa motoni, kisha akaigonga sufuria kwa mwiko, mara ukingoni, mara tumboni. Baba Bosiko alimeza tonge la kwanga, mkate wetu wa muhogo, akaniambia, "Sabini na mbili: lifaki." Kibanzi kingine, mwiko tena. "Themanini: tola."

"Hekima ya Baba Bosiko iko tumboni," Kasimiri alisema. "Siku atakayofunga, sayansi italala njaa."

Siku moja nilimuuliza mzee kwa nini mkewe anaigonga sufuria hivyo.

"Anafukuza nzi," alinijibu.

Nikaamini. Mimi ni Mlokele kwa baba na mama, lakini nilizaliwa Kisangani. Nilijua kwamba wazee wetu huzungumza kwa lokole, gogo lililochimbwa likatolewa sauti mbili, ya juu na ya chini, na kwamba kila kitu duniani kina jina lake refu la ngoma. Nilijua pia kwamba lokole ni ya wanaume, mwanamke haishiki. Zaidi ya hapo sikuwa na kitu. "Amesoma miaka kumi na saba," wazee wa Yalokombe walinicheka, "na kwenye lokole hajafika hata darasa la kwanza."

Mwaka wa pili wa kazi, Mama Bosiko alifiwa na mama yake mdogo ng'ambo ya mto, akaenda kukaa matangani siku tatu. Kasimiri ndiye aliyetupikia ndizi, nazo alizipika kama anayewaadhibu watu. Siku hizo Baba Bosiko hakuweka kibanzi mfukoni hata kimoja. Alikata, alinusa, alitaja, haraka haraka na kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mimi nilifurahi. Kazi ilikuwa inakwenda.

Siku ya tatu, Jumamosi, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na msitu ulikuwa bado unadondosha matone. Tulifika kwenye mti wa kawaida, si mnene. Baba Bosiko alitia kovu, na mimi niliyesimama hatua nne nyuma nilipigwa na harufu ya kitunguu saumu, kali, kama mtu ameangusha karai zima la kitunguu cha kukaanga miguuni pangu. Ulikuwa bofili. Kina mama wanaweka gome lake kwenye mchuzi. Kipofu anaujua. Mgeni anaujua.

Baba Bosiko alisogeza uso, akafumba macho kama kawaida yake, akavuta pumzi.

"Limbali," akasema.

Nikacheka. "Baba, leo unanijaribu."

"Nimesema limbali. Andika."

Kasimiri alikuwa anautazama utepe kama ndiyo kwanza ameuona. Nilikwenda nikaokota kibanzi, nikakiweka chini ya pua ya mzee. Sikumheshimu hata kidogo, nilimfanyia kama daktari anavyomfanyia mtoto.

"Hiki kinanuka nini, Baba?"

Alivuta pumzi muda mrefu.

"Kinanuka mti," alisema.

Kasimiri alichukua panga akaenda kufyeka njia ambayo tulikuwa tumeshaifyeka jana. Baba Bosiko alikaa kwenye mzizi, akaitengeneza kofia yake.

"Tangu mwaka ule wa barakoa," alisema. "Niliugua wiki mbili. Nikapona vyote, isipokuwa hiki." Akagusa pua. "Mwanzoni nilidhani msitu ndio umeugua. Nakata mti, nasema, huyu mbona amekufa harufu? Nakata mwingine. Nikatembea nikikata siku nzima. Mwishoni nikakaa chini nikalia, mtu mzima."

"Na majina ya mwaka huu wote? Ya mwaka jana?"

"Hayo ni ya kweli. Ni ya mke wangu." Akanieleza habari ya mwiko na sufuria: kila kipigo kilikuwa neno, kila mti na jina lake la ngoma, na yeye alikuwa anayatafsiri tu huku akitafuna. "Hizi siku tatu ndizo zangu mimi. Nilisema, miaka arobaini msituni, siwezi kushindwa siku tatu. Kumbe naweza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe? Ungeniandika kwenye karatasi."

Kweli ningemwandika. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilibeba ukweli kama panga lisilo na ala. Nilimwambia kwamba kuna watu, mbali sana, wanaochoma mafuta mchana kutwa na kutuambia tukae kimya, na silaha yetu ya pekee ni hesabu isiyo na doa. Kwamba tarakimu moja ya uongo ikionekana, watasema msitu wote ni uongo. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza alisema:

"Jumatatu anakuja yule mkaguzi wa Kinshasa. Niache nimalize kambi hii, mwanangu. Baada ya hapo nitasema magoti yamechoka. Magoti hayana aibu."

"Mkaguzi atataka majina mguuni pa mti, Baba, si kambini. Na hata kama asingetaka. Mwambie mwenyewe. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

 Aliinuka, akaufuata mti uliofuata, akatia kovu, akasimama mbele yake bila kusogeza uso.

Mama Bosiko alirudi Jumapili mchana, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Mumewe alikuwa ameshamweleza, maana hakuja kunisalimia. Alikuja na kuni mbili mkononi, nikiwa naosha buti kijitoni.

"Shika," aliniambia. Nikashika. "Na hii. Ipi nzito?"

Zilikuwa na unene mmoja. Ya kushoto ilinivuta mkono.

"Hiyo nzito ni limbali. Inalala na moto hadi asubuhi. Hiyo nyingine ni takataka, inatoa moshi na kelele tu, kama watu fulani." Akanitazama. "Nyinyi mmekuja na mashine kutafuta mti una uzito gani. Mimi nimeubeba kichwani tangu nina miaka saba. Kila mti wa msitu huu najua unavyokata shingo, unavyowaka, unavyonuka mbichi na unavyonuka ukiungua, na kiwavi gani anakula majani yake mwezi gani. Uliwahi kuniuliza?"

"Hapana, Mama."

"Uliniuliza chumvi iko wapi."

"Basi kesho njoo wewe utaje majina," nilisema. "Mbele ya mkaguzi. Yote yataisha."

"Nimvue nguo mume wangu mbele ya mgeni?" Alizichukua kuni zake. "Wewe hujaoa. Hivi unajua mwanamume aliyeondolewa kazini anakaa wapi hapa kijijini? Anakaa gatini, na wale wanaohesabu mitumbwi ya wenzao. Mwaka wa kwanza anahesabu mitumbwi. Mwaka wa pili anakufa. Baba yangu alikufa hivyo hivyo, hana hata homa."

Nilianza tena habari ya joto la dunia na hewa ya watu wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mumewe.

"Sawa," alisema. "Hewa ya dunia nzima. Na ya nyumbani kwangu?"

 Usiku huo sikubadili nia, lakini sikulala vizuri pia.

Mkaguzi, Daktari Mbalanda, alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini na kitambaa cha kujifutia jasho shingoni. Alikuja na orodha ya miti ishirini, ambayo majani yake yaliyookotwa yalikuwa yameshachunguzwa kule mjini. Alitaka tu kuona kama majina yetu yanakubaliana. Mti wa kwanza ulikuwa namba mia moja arobaini na tatu.

Baba Bosiko alitia kovu. Akasogeza uso, akafumba macho. Tukangoja. Ndege fulani aliita, akanyamaza.

"Tunangoja nini?" Daktari aliuliza taratibu.

Nikafungua kinywa. Naapa sijui ningesema nini, kwa maana Baba Bosiko aliinua mkono kunizuia. Alifuta panga kwenye suruali, akaokota kigogo kikavu, akaenda kwenye bokungu mkubwa uliokuwa karibu, wenye mbavu zinazotoka shinani kama kuta za nyumba. Akaupiga ubavu mmoja, juu na chini, juu juu na chini. Sauti ilikwenda mbali kuliko nilivyotegemea. Kifua changu kiliisikia kabla ya masikio.

Baada ya muda Mama Bosiko alitokea kwenye njia, mwiko bado mkononi, uso umejaa maswali. Mumewe alimpa panga, akitanguliza mpini.

"Daktari," alisema, "pua yangu ilikufa mwaka ule wa barakoa. Majina yote tangu hapo ni ya huyu. Mimi nilikuwa mdomo. Ila ya siku tatu wiki iliyopita ni yangu, na hayo yafute."

Daktari alinigeukia. "Ulijua?"

"Tangu Jumamosi."

"Na wewe?" alimuuliza Kasimiri.

"Mimi tangu mwaka jana," Kasimiri alisema. "Kijiji kizima kinajua. Sufuria inasikika mpaka gatini."

Nilimtazama Kasimiri. Yeye alitazama utepe.

Mama Bosiko hakulipokea panga. "Nimeacha sombe motoni," alimwambia mumewe kwa sauti ndogo, kama vile sisi hatupo.

"Nitaiangalia mimi."

"Wewe?"

"Nina macho bado, Mama Bosiko."

Wakatazamana. Sijui walisema nini kwa macho hayo. Miaka yao thelathini na nane haikuwa na tafsiri. Kisha yeye alitoa panga mkononi mwa mumewe na kumpa mwiko. Mzee akashika njia ya kambini, kofia yake ya kijani ikapotea kwenye majani.

Mama Bosiko alilisogelea kovu. Hakufumba macho.

"Lifaki."

Daktari alitazama orodha, akatia alama. Tukaenda mti wa pili, wa tatu. Alikuwa anakata kidogo kuliko mumewe, kovu lisilozidi ukucha, na kila akimaliza aliupapasa mti kwa kiganja kama anayemtuliza mtoto aliyechanjwa. Mti wa sita alikosea. Akanusa tena, akasema, "Nimekosea, huyo ni ndugu yake," akataja jina sahihi. Mti wa tisa orodha ilisema jambo moja, yeye akasema jingine, na hakurudi nyuma.

"Makabati yetu ya majani makavu yanasema tola," Daktari alisema.

"Basi makabati yamepewa majani ya jirani. Huku chini huyu ni bofili. Mlete mtoto yeyote anuse."

Daktari aliinama akanusa. Alibaki ameinama muda kidogo, kisha akafuta neno kwenye orodha yake.

Kwenye fomu kuna mstari wa jina la mtambuzi. Kila siku nilikuwa naandika Lotika bila kufikiri. Nikauliza, "Jina lako, Mama? Lako wewe, si la mtoto."

Alicheka kidogo, akaweka mkono mdomoni. "Inola."

"Na mimi ndiyo kwanza nalisikia," Kasimiri alisema, "na huyu ni shangazi yangu."

"Ungelisikia wapi, wewe unayekuja kwangu kula tu?"

Tulikuwa mti wa kumi na nne alipoinua kichwa ghafla. Matundu ya pua yalipanuka. Sisi tulinusa, hatukupata kitu ila majani yaliyooza na jasho letu.

"Sombe inaungua," alisema.

"Mama, kambi iko kule," Daktari alisema.

"Inaungua. Na yeye ameikalia hapo hapo anaitazama."

Akaokota kigogo. Kulikuwa na mti wenye mbavu hatua chache pembeni. Alisita mbele yake, akatutazama sisi wanaume watatu, mmoja mmoja, kama anayengoja nani atasema neno.  Akapiga. Hakupiga kama anayejaribu. Alipiga kama mtu aliyekuwa na maneno hayo mkononi maisha yake yote. Kasimiri alijiegemeza kwenye shina kwa kicheko.

"Anasema nini?" nilimuuliza.

"Anasema: 'Mume mwenye kofia ya majani mabichi, chuma kinacholala juu ya moto kinalia, kiondoe. Kiondoe, macho yako hayanusi.'"

 Halafu kutoka kambini ikaja sauti ndogo, ya mwiko kwenye sufuria, ukingoni na tumboni, taratibu, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusema ndiyo.

"Na yeye amejibu nini?"

Kasimiri aliacha kucheka. Alisikiliza mpaka ikaisha.

"Ameita jina la shangazi tu. Lile la ngoma."

"Linasemaje?"

Kasimiri alimtazama shangazi yake. Mama Bosiko alikuwa ameshatupa kigogo na kutugeuzia mgongo, akielekea mti wa kumi na tano, panga begani.

"Andika mti, mwanangu," alisema bila kugeuka.

Niliandika mti.

Mchana Daktari alijaza karatasi yake akiwa amekaa kwenye gogo. Nafasi ya mtambuzi na nafasi ya mpishi zilibaki vilevile. Majina ndiyo yaliyobadilishana mistari. Miti thelathini na mmoja ya siku zile tatu, ile isiyojulikana kwa gome tu, tuliirudia kesho yake, na kumi na minne ilikuwa na jina lisilo lake. Baba Bosiko alitupakulia yeye mwenyewe. Sombe ilikuwa nyeusi chini na chungu juu, na ilinuka moshi mpaka kwenye kwanga. Tulimega kidogo kidogo, kila mtu akiangalia sahani yake. Mzee alimaliza ya kwanza, akajiongezea ya pili, akakung'uta ukoko kwa mwiko.

"Mbona hamli?" alituuliza.

Mama Bosiko alinyoosha sahani yake.

"Niongeze," alisema.